PredictIt kama kipimo cha nani anauzika: nyota tatu, na moja ni ya huruma

Watu wengi wanaiongelea PredictIt kama sehemu ya kubeti siasa za Marekani. Mimi nairivyuu kwa kazi ingine ambayo watu wanaitumia kimyakimya, yaani kuchungulia mgombea gani anauzika (anaweza kushinda uchaguzi mkuu) kabla hujaamua kura yako ya mchujo, ile ya ndani ya chama ya kumpata mgombea wa urais, uitupe wapi. Manake mchujo wa urais ndo unavyoendaga, hasa kwa Democrats, mtu anamkubali seneta Elizabeth Warren kabisa ila ukimuuliza atampigia nani anakwambia Biden, kisa eti watu wengine hawatamchagua Warren. Juni 2019 kuna utafiti wa maoni ulipima hicho kitu, wakiulizwa leo unampigia nani Biden anaongoza, wakiulizwa ungekuwa na uwezo wa kumuweka yeyote ikulu bila hata uchaguzi, Warren anapanda juu. Watu ni walewale!

Inavyofanya kazi ni rahisi. Ilianza 2014 kama mradi wa Victoria University of Wellington kule New Zealand, kila mgombea ana hisa zake bei senti 1 mpaka 99, akishinda unalipwa dola 1, akishindwa imekula kwako. Bei unaziona bure hata kama hubeti.

Kitu kilichonikosha ni kwamba kuna soko la nani atateuliwa na chama na kuna lingine la nani atakuwa rais, sasa chukua bei zote mbili ugawanye. Tuseme mgombea ana senti 20 za kuteuliwa na senti 12 za urais, 12 gawa kwa 20 unapata asilimia 60, maana yake soko linasema huyu chama kikimpitisha ana nafasi 60 kwa 100 ya kushinda Novemba. Hiyo ndo namba ambayo wachambuzi wa kwenye tivii wanabwabwaja masaa mawili bila kukupa. Ila usifanye hesabu hii kwa wagombea wadogo, mwenye senti 3 na 2 anatoka na 67, hiyo 2 ikishuka kuwa 1 ghafla ana 33 na hakuna chochote kilichotokea duniani.

Sasa tatizo. Februari 2020 Biden kawa wa nne Iowa, wa tano New Hampshire, majimbo mawili ya mwanzo kwenye mchujo, bei yake ikaporomoka vibaya mno. Jamaa ambaye mtaji wake wote ulikuwa ni huyu ndo atampiga Trump akaonekana hauziki. Halafu Clyburn, mbunge mweusi wa South Carolina, akamuunga mkono, tarehe 29 Biden akabeba jimbo hilo, wapinzani wake Buttigieg na Klobuchar wakajitoa, na Super Tuesday, siku ambayo majimbo mengi yanapiga kura ya mchujo pamoja, tarehe 3 Machi akachukua majimbo 10 kati ya 14, bei ikapaa kama haijawahi kushuka. Biden ni yuleyule, umri uleule, sera zilezile, kilichobadilika ni watu kuona watu wengine wanamkubali. Kwa hiyo mpiga kura anaangalia soko, soko linaangalia wapiga kura, kila mtu anamchungulia mwenzake na hakuna anayemuangalia mgombea. Na sidhani kama wale mama wazee wa kanisani South Carolina walioamua lile jambo walikuwa wanashinda PredictIt.

Linganisha na Obama 2008. Weusi wengi South Carolina walikuwa wanasita, wanasema wazungu hawatampa, Iowa yenye wazungu watupu karibu ikampa tarehe 3 Januari, tarehe 26 South Carolina akazoa asilimia 55. Ule ulikuwa ushahidi wa kura halisi, sio bei. Na hata kura zenyewe hazikuhakikishii kitu, 2004 Democrats walimwacha Howard Dean, gavana wa zamani wa Vermont, wakamchukua seneta John Kerry kwa sababu ana medali za Vietnam na anauzika, Bush akampiga vilevile. Trump ndo usiseme, mchujo wa 2016 Republicans waliambiwa huyu hawezi, na siku ya uchaguzi PredictIt yenyewe ilikuwa inampa Clinton.

Kingine kinachokera, bei za wagombea wote ukizijumlisha zinapita senti 100, na kwenye mchujo wa 2020 Hillary Clinton alikuwa na bei wakati hata hakugombea, watu walikuwa wananunua umbea tu. Sehemu ya sababu ni sheria zao, kwa miaka mingi mtu mmoja hakuruhusiwa kuweka zaidi ya dola 850 kwa kila mkataba (yaani hisa za mgombea mmoja kwenye soko moja), kwa hiyo hata ukijua bei ni ya kijinga huna hela ya kuirekebisha, na walikuwa wanakata asilimia 10 ya faida, ukitoa hela asilimia 5 tena.

Kama unataka kujua wiki hii watu wanavuma na nani, fungua uangalie, inaonyesha haraka. Kama unatafuta nani wa kumpigia kura, funga hiyo tabo.