TAHADHARI: "Ofa" za kupanda Kilimanjaro zinazouzwa Dar, na siku inayoibwa katikati

Wakuu, salaam. Kila mwaka msimu wa kupanda mlima kusherehekea Uhuru, tarehe 9 Desemba, ukikaribia, matangazo hujaa Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya maofisini, makanisani na ya wakimbiaji wa asubuhi. Mengi ni ya kampuni halali na watu wanapanda na kushuka salama. Tahadhari hii inahusu muuzaji wa aina moja tu: yuko Dar, hana leseni ya shughuli za mlima, anakusanya watu na hela zao, halafu anawauza Moshi kwa yeyote atakayekubali kuwapandisha kwa bei ya chini kabisa. Jina la ukurasa wake hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo ukilijua la leo, kesho halikusaidii. Mchezo wenyewe ndio haubadiliki.

Watu wengi wanamwogopa yule atakayezima simu akishapokea hela. Huyo yupo, lakini hasara yake unaijua mapema, ungali nyumbani kwako Tabata au Mbagala. Wa kuogopwa zaidi ni anayekupeleka kweli. Basi linaondoka stendi ya Magufuli, getini mnaingia, picha mnapiga. Kilichopungua ni usiku mmoja wa safari na malipo ya watu wanaowabebea mizigo, na yote mawili yanajitokeza mkiwa juu ya mita 3,700, ambako huna wa kumlalamikia.

Siku inaibwaje? Chukua njia ya Marangu, ndiyo inayouzwa sana Dar kwa sababu watu wanalala kwenye vibanda, si mahema. Safari ya siku tano inakwenda hivi: usiku wa kwanza Mandara (mita 2,720), wa pili Horombo (3,720), wa tatu Kibo (4,720), usiku huohuo mnaamshwa kuelekea kileleni, mnashuka mpaka Horombo, siku ya tano mnatoka getini. Ya siku sita inaongeza usiku mmoja Horombo: mnapanda kidogo mchana kuelekea upande wa Mawenzi, mnarudi kulala palepale, mwili unapata nafasi ya kuzoea. Muuzaji anawauzia siku sita, hifadhini inalipiwa siku tano. Asubuhi pale Horombo kiongozi anawaambia, "Mko vizuri sana nyie, leo tunaunganisha Kibo." Watu wanafurahi kusifiwa. Wanafungasha.

Kwa Machame usiku unaoibwa ni wa Karanga. Ratiba ya siku saba inalala Barranco, kisha Karanga karibu mita 4,000, kisha Barafu kwenye mita 4,600 na ushei. Ya siku sita inaruka Karanga: mnaukwea ukuta wa Barranco asubuhi, mnatembea mpaka Barafu siku hiyohiyo, mnafika mchana umekwisha, mnalala saa chache na kuamshwa saa tano usiku. Siku sita ni ratiba halali na wapo wanaoimudu. Kosa ni kulipishwa saba ukapewa sita.

Sisi wa pwani siku hiyo moja inatuhusu kuliko watu wa Moshi au Mbeya. Unatoka Dar kwenye usawa wa bahari, siku ya pili ya kupanda unalala kwenye mita 3,720, na kule kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Kigamboni. Mwili hauzoei kwa mazoezi ya gym wala kwa ubishi. Unazoea kwa usiku unaolala juu. Ukiukosa huo usiku, kichwa kinauma, chakula hakipiti, unatapika. Ikizidi, maji yanajaa mapafuni: mtu anakohoa na kuhema akiwa amekaa tu. Au ubongo unavimba: anapepesuka, maneno hayaeleweki. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole. Akishindwa, anashushwa hapohapo, hata kama ni saa nane za usiku. Hakuna kusubiri kupambazuke.

Na hapo ndipo ubahili wa pili unaumiza. Kundi la watu sita na kiongozi mmoja: mmoja akiugua, ama wote mgeuke, ama mgonjwa ashuke na mgumu, yaani mbeba mizigo, ambaye hakufundishwa kitu chochote kuhusu ugonjwa wa mlima. Uliza idadi ya viongozi kabla ya kulipa. Kiongozi mmoja kwa wapandaji wawili au watatu usiku wa kileleni ndiyo hesabu ya kawaida ya watu makini. Uliza pia kama wana kipima oksijeni cha kidole na mtungi wa oksijeni, na nani anajua kuutumia. Jibu la "usijali, vipo" lisikuridhishe. Omba picha ya vifaa vyao vyenyewe.

Sasa hesabu, kwa sababu bei peke yake inatosha kumuumbua mtu. Kundi la watu kumi, Machame siku sita, mahema. Wagumu ni watatu hivi kwa kila mpandaji, yaani thelathini. Kwa shilingi 20,000 kwa siku kila mmoja, hiyo ni 3,600,000. Gawa kwa kumi: 360,000 kwa kichwa, na hapo umelipa wagumu tu. Bado kiongozi na wasaidizi wake, ambao wanalipwa zaidi ya hapo, bado mpishi, chakula cha watu wote hao, gesi, mahema, gari la kwenda getini na kurudi, ada za hifadhi, na faida ya kampuni. Sasa mtu anakutangazia Machame "kila kitu ndani" kwa laki nne na nusu. Kuna mtu halipwi. Kwa kawaida ni mgumu: anaahidiwa elfu nane au kumi, anakula mlo mmoja kwa siku, na anaambiwa bakshishi yenu ndiyo mshahara. Wakigoma njiani, na wana haki ya kugoma, begi lako la kulalia ndilo linalobaki chini.

Kama kwenye kundi kuna mgeni asiye mkazi, hesabu ni nyepesi zaidi, maana ada zake zinajulikana. Kwa viwango vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, vilivyokuwa vikitumika miaka ya karibuni, ada ya uhifadhi Kilimanjaro ni dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, uokoaji dola 20 kwa safari, juu yake VAT asilimia 18. Siku sita na usiku tano ni dola 690, na kodi inafika kama 814. Anayemuuzia rafiki yako safari hiyo kwa dola 900 amebakiwa na dola 86 za kulisha na kulipa kikosi kizima. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana ukilinganisha na hicho, kwa hiyo muuzaji anayemlilia Mtanzania kwamba "ada za hifadhi zimepanda, ndiyo maana bei iko hivi" aonyeshe mchanganuo. Viwango hubadilika, vya mwaka huu vimo kwenye tovuti ya TANAPA, angalia mwenyewe.

Hiyo dola 20 ya uokoaji, kwa njia, si bima. Wapo wanaoiandika kwenye tangazo kama "bima ya afya mlimani". Ni ada ya hifadhi. Helikopta, hospitali na matibabu ni bima yako binafsi, na isome: nyingi zina kikomo cha mita.

Kuna dalili ndogo zinazomtambulisha asiyeujua mlima. Tangazo likisema "maji ya chupa kila siku", mwenzangu, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kupandishwa Kilimanjaro. Watu wanabeba chupa za kudumu, maji yanachotwa, yanachemshwa au kutiwa dawa. Akisema mnatoka Dar na basi la usiku, mnafika Moshi asubuhi na kuunganisha getini, hapo pia kimbia: safari ya saa nane mpaka kumi umekaa kitini, hujalala, vifaa havijakaguliwa, halafu uanze kupanda. Kampuni inayojiheshimu inawalaza Moshi usiku mmoja, inafungua mabegi yenu na kuangalia kila kitu. Begi la kulalia liwe la kuhimili nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi, zipu ifunge mpaka juu. Hema liwe na kifuniko cha mvua kisichotoboka. Mwanzoni mwa Desemba mvua za vuli bado zinaweza kuwapo. Vitu hivi vinakodishwa Moshi, na vibovu ndivyo vinavyobaki kwa anayefika amechelewa.

Ukipewa kidonge cha "dawa ya mlima" kwenye kikaratasi kisicho na jina, kataa. Dawa inayotumika kusaidia mwili kuzoea ni acetazolamide, na ya kuipata ni kwa daktari hapahapa Dar kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa au ni mjamzito. Dawa za kutuliza maumivu zinaweza kuficha dalili ambayo ingemfanya kiongozi akugeuze.

Siku hizi kuna ofa nyingine inatembea: "volkano tatu", yaani Ol Doinyo Lengai, Meru na Kilimanjaro kwa mkupuo, Lengai ikiuzwa kama mazoezi ya kuzoea kimo. Meru ni sawa kabisa, una zaidi ya mita 4,500 na mnalala juu, na askari wa hifadhi mwenye silaha analazimika kuwasindikiza kwa sababu ya nyati na tembo. Akikuombea "hela ya askari" pembeni, dai stakabadhi ya hifadhi. Lengai hapana. Kilele chake ni mita 2,962, chini ya Horombo, mnaupanda usiku kukwepa jua, na mnarudi kulala bonde la Ziwa Natron, karibu mita 600. Ni mlima mzuri na mgumu, majivu yanateleza na ni volkano hai, ila kwa kuzoea kimo haukupi chochote. Anayekuambia unakupa, hajui anachouza.

Kabla hujatuma hata shilingi, dai vitu hivi. Leseni ya biashara ya utalii, ile inayoitwa TALA, inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, iwe ya mwaka huu na iwe inahusu kupandisha watu mlima. Jina lililomo lilingane na la BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ambako unaweza kutafuta mtandaoni, na lilingane na jina linalojitokeza unapolipa. Ukiingiza namba ya kulipia likatokea jina la mtu binafsi, simama hapo. Akisema "kampuni ina tatizo la akaunti, tuma kwa huyu mhasibu wetu", simama pia. Lipa malipo ya awali tu, na udai risiti ya EFD. Risiti hiyo unaihakiki kwenye mfumo wa TRA kwa namba iliyo kwenye risiti.

Kisha, siku chache kabla ya kuondoka, omba kibali cha kuingia hifadhini au stakabadhi ya malipo ya serikali. Humo angalia njia, tarehe ya kuingia na kutoka, na idadi ya usiku. Hapa ndipo siku iliyoibwa inaonekana ungali Dar. Muuzaji wa kweli atakutumia. Wa uongo atasema "mtaiona getini".

Na getini usiwe mvivu. Kwenye daftari la usajili unaandika jina, umri, uraia, kampuni na kiongozi. Subiri uone kiongozi anataja kampuni gani. Ikiwa si uliyoilipa, mmeshauzwa. Mwulize papo hapo alipewa siku ngapi na wagumu wameahidiwa shilingi ngapi. Mwombe na kitambulisho chake cha uongozaji. Mbele ya askari wa hifadhi ana sababu ya kusema ukweli, kesho yake msituni hana. Mzigo wa kila mgumu unapimwa hapo hapo. Ukiona mizani inarukwa, sema.

Jambo moja la kule juu: Marangu mnafika kwanza Gilman's Point, mita 5,685, na kiongozi aliyelipwa vibaya atawapongeza na kuwageuza, "mmefika". Uhuru bado ni mita 210 za kimo na mwendo wa saa moja na nusu au mbili. Kama afya yenu ni nzuri na muda upo, mna haki ya kuendelea. Cheti hutolewa na hifadhi wakati wa kutoka na hutaja mlikofika. Kile cha rangirangi anachokichapa muuzaji hakihusiki.

Ukishapigwa, piga simu huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia dakika hiyohiyo uombe muamala uzuiwe, maana hela ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Namba iliyokutapeli itume kwenda 15040. Nenda kituo cha polisi ufungue jalada, uchukue RB, na ubebe picha za tangazo, mazungumzo yote na ujumbe wa muamala. Usifute grupu wala usitoke, kwa sababu mazungumzo yaliyomo ndiyo ushahidi wako. Kama kampuni iliyowapandisha ina TALA, malalamiko yapeleke pia wizarani, na ya wagumu ambao hawakulipwa yafikishwe KPAP, mradi wa kuwasaidia wagumu, pale Moshi. Wao ndio wanaoifuatilia mishahara ya wagumu, na majina ya kampuni zinazodhulumu wanayajua.