Ndoa ya bomani Mwanza: huduma nzuri ila karani asituulize nani anabadili dini

Nyota 4 kati ya 5.

Wadau mnaouliza kuhusu kufunga ndoa bomani hapa Mwanza, mimi nimefunga, naandika nilichokiona. Ofisi siitaji maana kuna mtu mmoja pale simsifii na sitaki kumharibia kazi.

Mimi Mkatoliki, mume wangu Muislamu, na hakuna aliyetaka kuacha dini yake. Parokiani inawezekana ila mpaka kibali cha askofu, na mimi niahidi kufanya niwezalo watoto wabatizwe. Kwa sheikh nako mwanaume wa Kiislamu anaruhusiwa kuoa Mkristo lakini mawifi walitaka nisilimu kwanza, basi ikawa kila kikao cha familia ni ugomvi, baba mkubwa Sengerema kagoma hata kusikia habari ya mahari, kwa mama mkwe Kirumba nako wamenuna. Sizilaumu dini jamani, zina taratibu zake na ni haki yao kuwa nazo. Ila na sisi tulikua na haki ya kuoana.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya kimila na hii ya kiserikali, na mbele ya sheria zote ni ndoa kamili. Hata padri na sheikh wanafungisha kwa leseni ya serikali, wengi hawalijui hili. Bomani mnajaza fomu ya kusudio la kuoana, majina, umri, mnapoishi, majina ya wazazi, kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa, halafu tangazo linabandikwa siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Na kaka zetu msikilize vizuri, ndoa ya bomani inachukuliwa ni ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo, tofauti na ya Kiislamu au ya kimila. Mawifi hapo walishtuka kweli.

Sasa huyo karani. Tumefika na fomu zetu, kaangalia jina langu, kaangalia la mwenzangu, kaiweka fomu chini. "Nani kati yenu anabadili?" Tukamwambia hakuna. Akasema basi mkamalizane kwanza na viongozi wenu wa dini ndo mrudi, akaanza kutueleza maandiko yanasemaje kuhusu nyumba yenye imani mbili, watu nyuma yetu kwenye benchi wote wanasikiliza. Iliniuma sana. Maneno yale yale nimeyasikia nyumbani miezi na miezi, nikakimbilia ofisi ya serikali nako nayakuta mezani, tena kwa mtu anayelipwa kwa kodi yangu na ya mume wangu. Katiba Ibara ya 3 inasema nchi yetu haina dini, Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuchagua dini, pamoja na kubadili akitaka mwenyewe. Akitaka mwenyewe!

Akatoka mama mmoja mtu mzima, nadhani ndo mkubwa wake, akamwita pembeni lakini tulimsikia: "Mwanangu, hapa hatubatizi wala hatusilimishi. Pokea fomu." Akaja kukaa yeye, akapitia majina herufi kwa herufi na vitambulisho vya NIDA, akaona jina la baba mkwe limeandikwa tofauti, akatupa peni yake tukarekebisha pale pale. Siku ya ndoa ni yeye alitupanga, mashahidi huku, wazazi huku, akamsogezea kiti bibi yangu. Mpaka leo sijui yule mama anasali wapi, na hicho ndo kilichonipa amani. Nyota zote nne ni zake.

Wakatoliki wenzangu niwaambie wazi: Kanisa halihesabu ndoa ya bomani kama ndoa yake, sikomuniki, yaani sipokei komunyo, mpaka tutengeneze ndoa kanisani, na mimi nimelikubali hilo. Serikali haiwezi kumlazimisha padri anipe komunyo, na padri naye hawezi kuifuta ndoa yangu ya serikali. Kila mmoja ana eneo lake, mimi naona ni sawa kabisa na nisingependa ibadilishwe.

Ombi langu kwa ofisi: bandikeni ile Ibara ya 19 pale ukutani kwenye matangazo ya ndoa, kwa herufi kubwa, karani aione na sisi tuione.

Mengine: chumba ni kidogo, ndugu wengi watabaki nje kwa hiyo msije na basi zima. Mashahidi wasipungue wawili na waje na vitambulisho, wanaotoka ng'ambo ya ziwa wapande kivuko cha Kamanga cha asubuhi kabisa wasicheleweshe watu. Na mkikutana na karani wa kuhubiri msigombane naye wala msiondoke na fomu, ulizeni mkubwa wa ofisi yuko wapi.