Kombi yangu ya 1972: nilivyovifunga, vilivyonifaa na vilivyonila pesa

Nina Kombi ya Volkswagen ya 1972, ile ya kulala, paa linanyanyuka, ndani kuna kitanda na kabati, injini ni 1600 inayopozwa na hewa. Niliinunua 2018 hapa Mombasa kwa mzee mmoja aliyekuwa ameiegesha chini ya mwembe kwa miaka. Kila nikiipaki pale Mama Ngina watu huja kuuliza, umeweka betri gani, sola ilikugharimu ngapi, hiyo friji inashika baridi kweli, basi nimeona niandike yote pamoja na bei nilizolipa mimi, manake mwenyewe kabla sijaanza nilitafuta maelezo ya Kiswahili nikakosa kabisa.

Mimi nilianzia ndani, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na pesa kidogo nimeweka, nikanunua friji ya kompresa ya volti 12 kwa shilingi 52,000, nikaweka mito mipya, mapazia ya kikoi, taa za LED, sinki nikabadilisha. Ilipendeza, wallahi, watoto walikuwa hawataki kulala nyumbani. Injini sikuigusa, nikamwaga oili mpya tu nikaona imetosha, inawaka, inaenda, basi.

Safari ya kwanza ya maana ilikuwa Desemba 2019, twende Wundanyi, milima ya Taita, kwa kina mke wangu. Tulitoka asubuhi, Mazeras tukapanda vizuri ingawa polepole, tukapita Mariakani, Samburu, jua likawa kali na malori ndio hayo yamekubana mbele na nyuma. Nikahisi inakosa nguvu, gia ya nne haitaki, nashuka ya tatu, halafu mke wangu akasema mbona nasikia harufu ya petroli. Nikasimama kabla ya kufika Maungu, nikafungua nyuma. Mpira wa petroli ulikuwa umepasukapasuka kama udongo wa kiangazi na unadondosha, tone baada ya tone, pale pale juu ya distribyuta. Kwa asiyejua, ndani ya distribyuta mna cheche muda wote injini ikizunguka. Watoto wawili walikuwa wamelala mle. Niliwatoa nikawaweka mbali na barabara, na mikono ilikuwa inatetemeka hata kifuniko sikuweza kukirudisha.

Kombi nyingi za zamani duniani zimeungua hivyo hivyo. Tangi liko nyuma, jirani na injini, limetenganishwa na bati tu, mpira unapita kwenye tundu la bati, ukizeeka unakatika pale unaposuguana, na watu wengi wameweka filta ya plastiki mle mle kwenye chumba cha injini inaning'inia na uzito wake wote uko kwenye mipira. Yangu ilikuwa hivyo. Kama unasoma hii na una Kombi au Beetle, hebu kaangalie mipira leo kabla hujasoma hayo mengine.

Tulivutwa hadi Mombasa. Jirani akanipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima huko Changamwe, amezishika gari hizi tangu ujana wake. Jina lake silitaji kwa sababu hapendi, lakini huduma yake ndiyo hasa ninayotaka kuisifu hapa. Alizunguka gari kimya, akafungua mlango, akaangalia friji na mapazia, akaniambia, "Mwanangu, umemvisha mgonjwa kanzu ya Idi." Nikamwambia mzee wangu, basi nitibie mgonjwa.

Siku ya kwanza alibadilisha mipira yote ya petroli, akaweka ile minene ya kuhimili joto na klipu zake, filta akaishusha chini ya gari karibu na tangi. Shilingi 2,600 pamoja na kazi. Shilingi elfu mbili mia sita! Na mimi nimetoka kulipa 52,000 za friji.

Halafu akanionyesha kitu ambacho sijawahi kusikia mtu akikitaja. Injini hii haina maji wala rediata, ina feni kubwa inayovuta hewa ya juu na kuisukuma kwenye silinda. Kuzunguka injini kuna mabati, na kati ya mabati na bodi kuna mpira wa kuziba. Kazi ya ule mpira ni kutenganisha juu na chini, hewa baridi ibaki juu na joto la ekzosi libaki chini. Wangu haukuwepo. Yaani feni ilikuwa inavuta hewa ya moto kutoka chini na kuirudisha juu ya injini, inajipika yenyewe, ndio maana nguvu zilikuwa zinaisha kila jua likiwaka. Mpira mpya tuliupata Nairobi, Kirinyaga Road, shilingi 3,500, na bati moja lililokuwa halipo alilikata na kulikunja mwenyewe. Nikafunga pia geji ya joto la oili. Sasa kwenye barabara ya Voi mchana napata nyuzi 95 hadi 105, ikigusa 120 nasimama kivulini napumzika, lakini tangu ule mpira iligusa mara moja tu, siku tumepakia watu saba.

Tapeti, yaani zile nafasi ndogo za valvu, milango inayofungua na kufunga silinda, hakukubali kuziset siku ile. Nilimsihi, nikamwambia niko hapa hapa nitasubiri, akasema injini ina moto, iache ilale, njoo kesho saa kumi na mbili. Nilikasirika kidogo lakini ana haki, zinasetiwa injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ni milimita 0.15 kwa valvu za ingizo na za ekzosi, na ukiziset zikiwa na moto unajidanganya. Valvu ya ekzosi ya silinda namba 3 alikuta haina nafasi kabisa, imebana. Silinda hiyo ndiyo hupata joto zaidi katika injini hizi, na valvu ikibana haifungi sawasawa, inaungua, na ikikatika kichwa injini imekwisha. Sasa hivi kila kilomita 5,000 tapeti na oili vinakwenda pamoja. Oili yenyewe ni lita mbili na nusu tu, na hakuna filta ya kufungua na kutupa kama gari za sasa, kuna kichujio cha waya unakisafisha, kwa hiyo ukichelewesha oili hapa hakuna cha kukuokoa. Natumia 20W-50, hakuna cha ajabu.

Kitu cha kisasa nilichokipenda kuliko vyote ni moduli ya elektroniki badala ya pointi, zile swichi ndogo za distribyuta zinazokata umeme ili cheche itoke, nilinunua ya Pertronix kwa 13,500 ikaletwa na mtu. Inaingia ndani ya distribyuta ile ile, kwa nje huoni tofauti. Zamani pointi zilikuwa zinakula, zinabana, kila baada ya muda unafungua unasaga unapima milimita 0.4, asubuhi inakataa kuwaka, sasa nageuza ufunguo mara moja. Lakini kuna onyo: usiache ufunguo umewasha na injini imezima, eti unasikiliza redio, utapika moduli na koili. Redio yangu nimeihamisha kwenye betri ya pili, ile ya friji na taa, kwa sababu hiyo. Na pointi za zamani na kondensa yake sijatupa, ziko kwenye kopo chini ya kiti, moduli ikifa porini nazirudisha kwa dakika ishirini.

Kwenye kopo hilo hilo kuna mkanda wa feni. Ule mkanda mmoja unazungusha dinamo na feni, ukikatika taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, na hapo si pa kusema nitafika tu hapo mbele, zima, kando, papo hapo. Gari ya rediata itakupa dakika chache, hii haikupi.

Haya, umeme. Hapa ndipo wengi wananiuliza na hapa ndipo nililipa mara mbili. Nilifungiwa betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 kwa 48,000 na fundi umeme mmoja wa mjini, akaiunga moja kwa moja na mfumo wa gari, waya nyembamba, fyuzi hakuna. Betri za lithiamu zinavuta umeme kwa nguvu sana chaji ikiwa chini, na dinamo ya 1972 ni ndogo, ampea thelathini na kitu, na gari ikisimama kwenye foleni ya Likoni haitoi karibu chochote. Dinamo iliungua wiki ya pili. Mzee wa Changamwe aliponusa tu akajua. Tulibadilisha tukaweka altaneta ya ampea 55, halafu nikanunua chaja ya ampea 20 ya kuchaji betri ya pili kutoka ile ya kuwashia, ambayo inapima na kuzuia, haivuti zaidi ya hapo, na inakata injini ikizimwa ili betri ya kuwashia isiishe. Waya nene, fyuzi sentimita chache kutoka kila betri. Hiyo chaja na kazi yake ilifika 31,000, na kama ningeanza nayo ningeokoa dinamo.

Betri yenyewe naisifu bila wasiwasi. Ina kama wati-saa 1,280, na naweza kuitumia karibu yote, ile ya asidi niliyokuwa nayo kwanza ukivuka nusu unaiua. Friji kwa joto la huku pwani inakula ampea-saa 35 hadi 40 kwa siku, kwa hiyo siku mbili na zaidi kidogo bila jua hata kidogo samaki wangu wako salama.

Sola nilianza na paneli ile laini ya kubandika, niliipenda kwa vile ni nyepesi. Ilikufa baada ya miezi kumi na minne, ikafanya mapovu, sehemu moja ikaungua rangi ya hudhurungi, kwa sababu imebandikwa juu ya paa la moto na hewa haipiti chini yake. Nikaweka ya kioo ya wati 200, imeinuliwa sentimita tatu hewa ipite, na huku kwetu jua linapita utosini kwa hiyo kulala flati si tatizo. Ila sasa paa likawa zito, mke wangu hawezi kulinyanyua peke yake. Tulitafuta zile shoki za gesi za buti za gari kuukuu, mbili, 3,000 kwa wauza spea wa mtumba, fundi akazichomelea vishikio, na sasa binti yangu wa miaka kumi na mbili analipandisha.

Turubai la paa lilikuwa limeoza. Kuagiza la Ujerumani bei ilinishinda, nikalichomoa la zamani zima zima nikalipeleka kwa mafundi wa turubai wanaoshonea malori, wakalifungua mishono wakalitumia kama kipimo, wakashona jipya na madirisha matatu ya neti ya mbu kwa 14,000. Limepita masika mbili halijavuja. Ushauri, waambie mishono waipake nta, na usifunge paa likiwa na unyevu, litashika ukungu wiki moja.

Kutu sasa. Pwani kutu haina huruma, chumvi iko hewani. Gereji moja niliyoipelekea mwanzo waliniambia wamekata na kuchomelea upya chini ya milango na kwenye kikalio cha betri, nikalipa 40,000, rangi inang'aa kama kioo. Miezi minane baadaye kikavimba. Mzee akachokonoa na bisibisi ikaingia ndani, fila tupu, lile lipu la kuzibia bodi, na nyuma yake gazeti lililokunjwa. Niliumia sana, na mpaka leo nikikumbuka naumia. Kwa hiyo ukipeleka bodi, lipa kwa awamu na uende ukaone bati limekatwa kabla halijafunikwa, piga picha, na tembea na sumaku ndogo mfukoni, kwenye fila nene haishiki. Sehemu za kuangalia kwanza ni kikalio cha betri, mfereji wa maji ya mvua juu ya madirisha, chini ya mpira wa kioo cha mbele, na pale jeki inapoingia. Baada ya kazi ya kweli tulipulizia nta ndani ya mabomba ya chasi, na kila nikirudi kutoka ufukweni naiosha chini kwa maji baridi kabla sijalala.

Spea si shida kama watu wanavyodhani. Injini hii ndugu yake ni ya Beetle, vitu vingi vinaingiliana, na Kombi ziliendelea kutengenezwa Brazil hadi 2013, kwa hiyo vitu vipya vipo. Mataili nimevaa 185R14C, hayo yapo kila duka, lakini hakikisha ni yale ya mzigo yenye C, si ya gari ndogo.

Mwaka jana tulirudi Wundanyi. Kutoka Voi hadi Mwatate ni raha, halafu ile milima ya kona kona inaanza na unapanda zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Juu hewa inakuwa nyepesi, kabureta iliyosetiwa Mombasa inamwaga petroli nyingi kupita hewa, inatoa moshi mweusi na kuchoka. Mzee alikuwa amenipa jeti ndogo, kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta, ndani ya bahasha imeandikwa kwa kalamu "mlimani", na maelezo ya kuibadilisha. Niliibadilisha pale Mwatate kando ya duka moja, kama nusu saa hivi, watoto wanakunywa soda baridi za friji ile ile. Tukapanda gia ya pili mpaka juu, oili nyuzi 110, na harufu ya petroli haikuwepo. Mama mkwe alikuwa amesimama barabarani anatungoja, aliisikia kabla hajaiona.