Laivu lokesheni ya WhatsApp: kwa safari za usiku hii ndo nayoiamini

Jamani naandika hii kwa ajili ya wale wanaotoka kazini usiku na kule nyumbani kuna mtu hajalala anawasubiri. Apu za kuonyeshana upo wapi ziko nyingi, mi na ndugu zangu na mashosti tumezitumia WhatsApp, Google Maps na Snapchat, na kwa juu juu zote zinafanana kabisa, mpaka uzitumie kwa jambo la maana ndo unaona utofauti.

WhatsApp waliileta laivu lokesheni Oktoba 2017. Unaingia kwenye chati ya mtu, unabonyeza alama ya kuambatanisha, unachagua lokesheni, kisha ile ya kushea laivu lokesheni, halafu inakuuliza unataka uonekane kwa dakika 15, saa 1 au masaa 8. Hapo kwenye muda ndo pananifanya niipende, maana ukiisha inajizima yenyewe wala huna haja ya kukumbuka, na aliyekuona jana usiku leo hakuoni mpaka umtumie tena kwa hiari yako. Halafu imefungwa kama meseji zenyewe, anayeiona ni yule uliyemtumia tu.

Mdogo wangu anatoka shifti usiku, anapanda boda Mwenge kwenda Goba kwa njia ya Makongo, na kabla hajakaa kwenye boda anakuwa ameshanitumia ya saa 1. Mi nakaa na simu naangalia kile kiduara chenye picha yake kinavyosogea, kikitulia sehemu kwa muda nampigia, kikiendelea namwacha maana sitaki atoe simu akiwa juu ya pikipiki. Kabla ya hapo ilikuwa ni kupigiana simu kila saa umefika wapi umefika wapi, yeye hasikii kwa upepo na mi roho juu.

Ila kuna kitu lazima mkijue. Simu nyingi za Android zikiwa kwenye kubana chaji zinazima apu zinazofanya kazi kwa nyuma, kwa hiyo kiduara kinaweza kuganda wakati mtu yuko njiani salama kabisa. Angalieni maandishi yanayoonyesha mara ya mwisho imesoma lini kabla hamjaanza kulia, halafu kwenye mipangilio ya betri iruhusuni WhatsApp iendelee bila kubanwa. Na kutoka saa 1 kuruka mpaka masaa 8 ni mbali sana, kwa foleni ya Dar siku za mvua tungepata ya masaa 3 ingekuwa poa mno. Na mkituma kwenye grupu kumbukeni kila aliyemo anaona, hata yule aliyeungwa jana hamumjui.

Google Maps yenyewe ina kitu kizuri ambacho WhatsApp hawana, inakuonyesha na chaji ya simu ya mwenzio imebaki asilimia ngapi, kwa wazazi wetu wanaosafiri na basi la mkoani hiyo inasaidia sana kwa sababu simu ikikatika na uliona chaji imebaki kidogo, unajua huenda ni chaji tu imeisha. Tatizo langu ni ile chaguo ya kushea mpaka uzime mwenyewe. Kwa mama na mwanae sawa, lakini nawajua wadada ambao mtu alishika simu zao dakika moja akaiwasha akawa anawafuatilia kila wanapokwenda, na hilo linaniuma sana. Google huwa wanatuma barua pepe ya kukumbusha, sasa wangapi wanafungua barua pepe?

Snapchat na ramani yao, nayo ya 2017, siiweki kwenye kundi hili. Ukiiachia kwa marafiki wote inakuwa wazi kwa kila uliyemkubali, na watoto wa sekondari wanakubali yeyote. Kama una kijana nyumbani kaa naye mwashe Ghost Mode pamoja, yaani ile ya kumficha asionekane kwenye ramani, msimnyang'anye simu, mwelekezeni tu.

Kwangu WhatsApp 8 kwa 10, Google Maps 7 kwa familia tu. Na leo hii fungueni Google Maps, bonyezeni picha yenu pale juu, ingieni sehemu ya kushea lokesheni muone kuna majina ya nani, jina msilolitaka litoeni hapo hapo.