Jiko la Kifaransa kwa nyumba ya Mombasa: kabati za kununua na za kuachia dukani

Picha nyingi za jikoni za Kifaransa ni za nyumba za Paris: kabati za rangi ya maziwa, marumaru nyeupe, jiko la kupikia la kampuni ya La Cornue lenye vifundo vya shaba. Zinavutia, ila zimetengenezewa nyumba zisizojua chumvi ya bahari. Zilete Nyali au Tudor kama zilivyo, na unyevu wa masika utaanza kuzila kutoka miguuni. Lakini Ufaransa ina jiko jingine, la kusini huko Provence, lililojengwa kwa mawe, chokaa na vigae. Hilo na jiko la Mpwani ni ndugu, ndiyo maana kabati za kujengwa zimeongoza orodha hii, inayoanza na zinazofaa zaidi na kuishia na za kuachia dukani.

1. Kabati za kujengwa

Ni vikuta vya matofali ya saruji, slabu ya zege juu, na mlango wa mbao au pazia mbele. Mchwa hauli zege, na maji yakimwagika hakuna kinachovimba. Kimo kiwe sm 90 kutoka sakafuni hadi juu ya kigae, au sm 85 ikiwa mpishi ni mfupi. Kina ni sm 60. Vikuta vya inchi 4 viachane sm 60 hadi 80, na chini uache nafasi ya vidole vya miguu, sm 10 kwenda juu na sm 7 kwenda ndani. Mafundi wengi huisahau, na mpishi hulipia kwa mgongo.

Slabu iwe ya inchi 3, mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Nondo za milimita 8 zipangwe kila sm 15 hadi 20, na chini yake pawe na zege ya sm 2.5. Mwagilia maji kwa siku 7, na mbao za kushikilia zisitolewe kabla ya siku 14.

Kinachoharibu kazi hii hapa kwetu ni mchanga wa ufuoni na maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi hubaki ndani ya zege na kula nondo. Nondo ikishika kutu hunenepa, na slabu hupasuka kutoka chini. Dalili ya kwanza ni mstari wa kahawia ukichungulia ndani ya kabati. Nunua mchanga wa mto, na maji yawe yasiyo na chumvi hata kama ni ya kuletwa na bauza.

Sinki nayo inunuliwe kabla zege haijamwagwa. Sinki kubwa ya kauri yenye uso wazi mbele, ile ya mashambani Ufaransa, huchomwa tanuruni, kwa hiyo mbili za aina moja zaweza kupishana milimita kadhaa. Pima yenyewe, si karatasi ya dukani. Kumbuka pia uzito: mita moja ya slabu peke yake hukaribia kilo 110. Chini hakuna shida; ghorofani muulize mhandisi kwanza. Nyumba ya kupanga, ruka hadi namba 2.

Kwa upande wa mbele, Provence hutundika kitambaa chini ya kaunta, na hapa Biashara Street imejaa leso za pamba. Upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu hadi mbili ya uwazi. Loweka na ufue kabla ya kushona, kwa sababu pamba hurudi na rangi nyekundu hutoka. Pindo liishie sm 3 juu ya sakafu, lisinyonye maji ya kupigia deki. Wapenda mtindo watakutajia toile de Jouy, vitambaa vya michoro ya rangi moja juu ya nyeupe kutoka Jouy-en-Josas, Ufaransa. Kwa macho yetu leso ya kisutu inakaa vizuri zaidi. Ila mshonaji aangalie jina la leso lisisomeke kichwa chini.

2. Kabati za kusimama peke yake

Jiko la zamani la Kifaransa halikuwa na kabati zilizobanwa ukutani pande zote. Lilikuwa na meza nzito, kabati la vyombo na almari. Kwa hiyo kabati kuukuu la mvule au mkangazi halina haja ya kubadilishwa sura, na ukihama unalo. Kabla ya kulipa, ligeuze. Chomeka msumari kwenye miguu na ubao wa nyuma chini; ukizama bila nguvu, mchwa ulishapita. Vitundu vidogo pekee si tatizo, lakini unga mweupe mbichi ukidondoka, mdudu yuko hai. Ukiliweka, liache sm 5 mbali na ukuta ili hewa ipite.

3. Masanduku ya plaiwudi, milango ya mbao ngumu

Hili ni chaguo zuri la ghorofani. Bodi ni futi 8 kwa 4, unene milimita 18. Omba kipande, kichemshe saa mbili. Tabaka zikiachana, gundi yake haifai. Bodi nyeusi za kumwagia zege zimetengenezwa kwa kazi hiyo, si kwa kabati, hata muuzaji aapeje. Kingo zote zizibwe na kupakwa rangi, hasa za chini ambazo hakuna anayeziona.

Mlango uwe wa fremu na ubao wa kati usiogundishwa. Mbao hutanuka masika na kusinyaa kaskazi. Ubao uliogundishwa hupasua fremu. Mbao zikiwa na unyevu wa asilimia 14 hadi 16 zinafaa kwa hewa yetu. Mwembe ni rahisi, lakini usiotiwa dawa utatobolewa na wadudu.

4. MDF iliyopakwa rangi

Ni bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na inachongeka kama ya Paris kabisa. Itumie kabati za juu tu, mbali na sinki, sm 45 hadi 50 juu ya kaunta.

5. Chipbodi

Ni bodi ya vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Acha. Skrubu za bawaba hung'oka ikishanyonya unyevu, na haziwezi kurudishwa.

Juu ya kaunta

Graniti ndiyo salama. Vigae vya sm 10 kwa 10 ndivyo vya Provence halisi, ila weka grauti (kijazio cha katikati ya vigae) ya epoksi. Ya saruji hushika manjano ya biriani na haitoki. Marumaru huliwa na ndimu, ukwaju na siki, na alama zake ni mikwaruzo ya kemikali isiyofutika kwa sabuni. Ukiitaka sana, nunua kipande cha kusukumia chapati. Terazo ina udhaifu huohuo.

Bawaba na vishikio

Nenda na sumaku. Ikinata kwenye kitu kinachouzwa kama shaba, hicho ni chuma kilichopakwa. Isiponata, kwaruza upande wa ndani: kijivu kikitokea, ni zinki. Chuma cha pua kiwe daraja la 316 karibu na bahari. 304 huota madoa ya kahawia.

Kuta na shaba

Chokaa nyembamba kama maziwa, mikono mitatu, ukuta ukiwa umeloweshwa. Juu ya rangi ya plastiki itabambuka. Masufuria ya shaba ya Villedieu-les-Poêles, Ufaransa, ni ghali kuleta na huchakaa kwa hewa ileile ya chumvi. Madele ya kahawa na sinia za Mji wa Kale hufanya kazi hiyo ya rafuni. Zing'arishe kwa ndimu na chumvi, kisha suuza na kukausha papo hapo.

Jiko la gesi

La Cornue na Lacanche, majiko ya Kifaransa, huuliziwa sindano (vitundu vya kutolea gesi) za gesi ya mtungi kabla ya kuagizwa, kwani lililowekewa gesi ya bomba halifai hapa. Jiko la kawaida la sm 90 linatosha, mradi sufuria mbili za pilau zikae bila kugongana. Nenda dukani na kipimo cha sufuria yako kubwa. Mtungi wa kilo 13 ukae nje, na kibanda chake kiwe na matundu chini: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni.