Grinhausi ya zipu ya kuoteshea miche: miezi minane nayo hapa Kisauni

Nlinunua hii grinhausi ndogo mwezi wa kwanza, ile ya mabomba ya chuma na nailoni juu, ina ngazi nne za kuwekea trei, elfu tisa na mia tano pamoja na kuletewa mpaka mlangoni. Nlitaka kuotesha miche yangu mwenyewe sababu nshachoka kununua ya nyanya sokoni, yafika nyumbani ishalala.

Alonifungia akaniambia "dada, hiyo zipu ifunge kabisa, joto ndo laotesha mbegu". Nami nikafunga. Ile ni Kaskazi jamani, usiku wenyewe twalala na feni, sasa saa sita mchana nikatia kipimajoto ndani nikakuta digrii 45! Mbegu ya nyanya yapenda kama 20 mpaka 30, ikipita 35 nyingi hazitoki tena. Trei ya mashimo 128, miche iliyotoka ni kumi na mmoja. Nikawapigia simu walioniuzia wakaniambia nimemwagia maji vibaya, na hiyo iliniuma sana sababu nlifuata maneno yao yote.

Sukuma wiki ilitoka vizuri kidogo halafu ikaanza kuanguka mmoja mmoja. Nikainama kuangalia, jani bado bichi, lakini pale shina linapogusa udongo limekuwa jembamba kama uzi, rangi ya kahawia. Ni ukungu wa udongoni, wapenda unyevu na hewa iliyosimama, na ndani ya ile nailoni asubuhi matone yalikuwa yaning'inia kila mahali kama bafuni.

Mzee jirani, analima mchicha na tembele uani kwake miaka na miaka, akaja akatazama akasema, "Mwanangu, nailoni ya pembeni waiweka ya nini, kwani Mombasa kuna baridi?" Basi siku ileile nikaikata pembeni kote, nikashonea neti ya wadudu, juu nikaacha nailoni sababu ya masika, na juu yake neti nyeusi ya kivuli. Namwagia asubuhi tu, jioni sigusi. Nyanya za pili zikaanza kuchomoza siku ya sita, nikahesabu 109 kwenye trei, nusura nilie. Na vile vidudu vyeupe vinavyoleta ugonjwa wa majani kujikunja havipati pa kuingilia.

Kitu kingine ambacho hukuti kwenye karatasi yao ni maji. Kisima chetu kina chumvi, nikimwagia ncha za majani zaungua na juu ya trei kwabaki unga mweupe. Sai nanunua mtungi wa maji yasiyo na chumvi kwa watu wa mkokoteni, na mvua ikinyesha nakinga. Hata unga wa makumbi ya nazi nauloweka nausuuza mara tatu kabla ya kuchanganya na mboji, sababu makumbi nayo yana chumvi yake.

Zipu iliharibika mwezi wa tatu. Mabomba yashaanza kutu, hewa ya bahari hii, na upepo wa Kusi uliiangusha mara moja na trei mbili za biringani, kwa hiyo ukinunua ifunge ukutani kwa waya siku hiyohiyo usingoje.

Kwa kweli naipenda sasa, kila alfajiri nikitoka kuswali ndo pa kwanza kwenda. Pilipili hoho ziko na majani manne, wiki ijayo nazitoa nje kidogokidogo zizoee jua kama siku saba hivi kabla ya kuzihamisha. Lakini wauzaji tafadhali, wauzieni watu wa pwani fremu na neti, hiyo nailoni ya pembeni wapelekeeni wa Limuru kwenye baridi. Nawapa tatu kwa tano, na hizo tatu ni za ngazi na paa.