Kompaundi ya kuvisha vitonge vya karanga: inaifaa Tabora, ila angalia unachopimiwa

Tofali la kilo moja la kompaundi ya kahawia, yaani chokoleti isiyo na siagi ya kakao, lile la maduka ya vifaa vya keki, linavisha vitonge 130 hivi vya kutupia mdomoni mara moja. Kwa sikukuu za Desemba hapa Tabora, ndilo la kununua. Ladha yake haifikii chokoleti halisi, na anayesema zinalingana anauza. Linachoshinda ni kustahimili joto.

Chokoleti halisi imeshikwa na siagi ya kakao, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Isitoshe, ili ing'ae na kuvunjika kwa mlio, lazima iyeyushwe hadi nyuzi 45, ipozwe hadi 28, kisha irudishwe 31 au 32 ndipo ifanyiwe kazi. Bila kipimajoto, na jiko la mkaa likiwa hapo pembeni, utapata kitu laini chenye michirizi ya kijivu. Kompaundi imeondolewa siagi hiyo na kuwekewa mafuta mengine ya mimea, mara nyingi ya kiini cha mchikichi. Ni ndugu wa yale mafuta ya mise ya Kigoma, ila ya kiwandani yamesafishwa na kugandishwa zaidi. Haidai kupandishwa na kushushwa joto: unayeyusha, unachovya, inaganda.

Kwa vitonge 40 hivi, chukua karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 400, biskuti za kawaida gramu 150, asali vijiko vinne vya mezani na chumvi nusu kijiko cha chai. Twanga karanga zibaki chengachenga. Ukizidisha mchi zinatoa mafuta, na chokoleti itateleza badala ya kushika. Asali ya Sikonge inapendeza sana hapa, ila ikiwa nyepesi punguza kijiko kimoja, maana kitonge chenye majimaji hutokwa na utomvu siku ya pili kupitia tundu dogo lililoachwa chini wakati wa kuvisha. Finyanga vya gramu 15, ukubwa wa gololi kubwa, uviweke kwenye friji nusu saa. Si kwenye friza: kitonge kilichoganda kikianza kupata joto hutanuka, na ganda linapasuka.

Katakata kompaundi gramu 300 iwe vipande vidogo. Chemsha maji vidole viwili kwenye sufuria, epua, ndipo ukalishe bakuli kavu juu bila kugusa maji. Koroga taratibu. Ikitulia kwenye nyuzi 40 hadi 45, tone lake chini ya mdomo huhisiwa kama uvuguvugu tu. Wengi huharibu hapa kwa kuliacha sufuria motoni: mvuke unaingia bakulini, matone machache yanalowesha sukari, chembe zake zinashikana na chokoleti inakuwa kama udongo wa kufinyangia. Ikifika hapo usiongeze maji. Igeuze sosi kwa maziwa moto uimwagie keki, kwa kuvisha haifai tena. Ikiwa nzito tu, ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi au ya kupikia kwa kila gramu 100. Majarini hapana, ina maji ndani.

Chovya kwa uma, gonga uma kwenye ukingo wa bakuli mara tatu, futa chini, weka kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo. Dakika kumi na tano zinatosha. Vikionyesha tundu, rudia upande wa chini tu.

Desemba ni mvua, na hewa yenye unyevu ndiyo adui wa mwisho. Kitonge kinachotoka friji wazi kinatoka jasho, jasho linayeyusha sukari ya juu, likikauka linaacha madoadoa meupe. Si ukungu na hakidhuru, lakini mgeni hatakigusa. Viweke kwenye kopo lenye kifuniko kabla ya kuingia friji, na ulifungue kopo baada ya ubaridi wake kuisha mezani.

Kasoro kubwa iko kwenye ununuzi wenyewe. Baadhi ya maduka hukata tofali na kuuza nusu kilo kwenye mfuko usio na kibandiko, tarehe ya mwisho wala orodha ya viungo. Ukinusa mafuta ya zamani, acha. Tena usichanganye mabaki ya chokoleti halisi humo ukidhani unaongeza utamu: siagi ya kakao na mafuta ya mise hayapatani, ganda linabaki laini na kupauka.

Kompaundi nyeupe ni tamu kupita kiasi na huungua haraka kuliko ya kahawia. Nunua robo tu, ya kuchorea mistari juu.